Aliyeshika Chupa

Katika santuri za George Mukabi kuna watu wawili. Wa kwanza anajulikana: ni Mukabi mwenyewe, kidole gumba kikitembea kwenye nyuzi nene na kidole cha shahada kikirukaruka kwenye nyuzi nyembamba, huku akiimba kama anayekusimulia jambo lililompata jana. Wa pili hata humdhanii mpaka utulize masikio. Yeye ni mlio mkavu wa chuma juu ya kioo, ti-ki-ti ti-ki-ti, unaoanza pamoja na gitaa na usiopumua hadi sindano ya gramafoni ifike mwisho. Zamani zile karatasi ya katikati ya santuri ilikuwa na nafasi ya jina la mwenye gitaa. Mwenye chupa alilipwa, kama alilipwa, akarudi nyumbani.

Nimekuja Khwisero kwa ajili ya huyo wa pili.

Khwisero iko kusini mwa Kaunti ya Kakamega, na wenyeji wake ni Abashisa, yaani Waluhya wa Kisa. Hata ramani ya uchaguzi inakubali: wadi zote nne, Kisa Kaskazini, Mashariki, Magharibi na Kati, zimebeba jina la ukoo badala ya jina la soko. Ng'ambo ya Mto Yala ni Bunyore. Reli ya zamani ya kutoka Kisumu kwenda Butere inapita Maseno, Luanda, Yala, kisha Namasoli, ambayo ni Kisa tayari. Nataja reli kwa sababu gitaa halikuota kwenye mashamba ya mahindi. Lilikuja mgongoni mwa vijana waliokwenda kutafuta kazi mijini na waliotumikia jeshi la Mwingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, wakarudi nalo pamoja na koti na blanketi.

Mukabi alikuwa mtu wa Kisa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alirekodi nyimbo ambazo mpaka leo mzee akizisikia ananyamaza kwanza. Mashuhuri zaidi ni "Sengula Nakupenda". Aliimba Kiswahili pamoja na lugha ya kwao, na Kiswahili hicho ndicho kilichomvusha mto na kumfikisha kwa watu wasiojua hata Khwisero iko upande gani wa Kenya. Mtindo wake ukaitwa omutibo. Mwaka 1963, mwaka ule ule bendera ya Uingereza ilipoteremshwa, aliuawa, akiwa bado kijana. Kifo chake kilitokana na ugomvi, na sitauchokoa hapa. Inatosha kusema kwamba kazi yake yote tunayoijua iliingia katika miaka michache mno.

Omutibo ni muziki wa gitaa kavu. Watu wa magharibi mwa Kenya wanapenda neno hilo, kavu, maana yake gitaa lisilochomekwa kwenye umeme, lenye sanduku la mbao na basi. Hapo ndipo mtu angeuliza: katika nchi ya Waluhya, penye ngoma za kila aina, mbona mpiga gitaa aombe msaada wa chupa ya soda? Majirani wa Abashisa, Waluhya wa Isukha na Idakho, wana isukuti, ngoma kubwa, ya kati na ndogo zinazopigwa pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Isukuti ikianza, mtu aliye ng'ambo ya bonde anajua kuna shughuli.

Jibu limo humo humo. Isukuti ingelimeza gitaa kavu likiwa zima. Chupa hailimezi. Mlio wake uko juu kuliko nyuzi, mwembamba, unapita juu ya sauti ya mwimbaji bila kuigusa, na katika chumba chenye watu ishirini waliozunguka chungu cha pombe ya busaa, mirija mdomoni, unasikika hadi kwa aliyeketi mlangoni. Kwa hiyo mdundo wa isukuti haukuachwa nyumbani. Ulipunguzwa ukaingia mkononi. Hiyo ni imani yangu, na ninayo kila nikisikia jinsi chupa inavyokatiza mapigo ya kidole gumba badala ya kuyafuata.

Chupa yenyewe ilikuwa ya Fanta, kwa sababu maalumu. Chupa ya Fanta ya zamani ilikuwa na pete pete zilizoizunguka, matuta madogo ya kioo yaliyopangana. Ukiwa na msumari au kipande cha chuma, unaweza kuigonga ubavuni ikalia kama kengele ndogo, au ukaikwaruza kwenye matuta ikatoa mlio wa kukereza. Unapata sauti mbili kutoka kwenye kitu kimoja. Tena ipo ya tatu, inayotoka kwenye mkono ulioishika: ukiibana kwa kiganja inakuwa bubu, ukiiachia kwa ncha za vidole inaimba. Mpiga chupa hodari anafungua na kufunga kiganja kama anayepumua, na mkono wa pili hausimami. Nimejaribu. Kufikia ubeti wa tatu kifundo cha mkono kilikuwa kinawaka moto na mwendo umeshaanza kuteleza, na chupa ikiteleza, mpiga gitaa hana pa kukanyaga.

Chupa si mali ya Waluhya peke yao. Wapiga gitaa wa Katanga nao waliipiga, na gitaa la Katanga lilisikika sana huku kwetu baada ya Hugh Tracey kumrekodi Mwenda Jean Bosco akipiga "Masanga" mwaka 1952. Lakini ng'ambo ya Mto Yala, kwa Wanyore, chupa ilipata mtu aliyeifanya iwe kazi ya maisha, na mtu huyo ana jina.

Enos Okola. Mwenzake wa gitaa, Shem Tube. Wa tatu wao, Justo Osala, gitaa la pili. Walianza mapema miaka ya 1960, wakati nyimbo za Mukabi zilikuwa bado mpya masikioni, wakajulikana kama Abana ba Nasery, watoto wa nasari. Magitaa mawili, sauti tatu, chupa moja. Tube ndiye aliyetangulia kuimba na ndiye ambaye jina lake lilishika. Katika nyumba za Bunyore na Kisa hakuhitaji kutambulishwa. Okola alikaa ubavuni mwake na chupa yake ya Fanta, na mara kwa mara magitaa yalijirudisha nyuma, yakabaki yanazunguka taratibu, ili chupa izungumze peke yake. Tafadhali soma tena sentensi hiyo. Kwenye bendi nyingi za dunia mpiga mdundo huomba nafasi kama hiyo kwa miaka.

Nimewasikiliza wawili hawa kwa muda mrefu nikitafuta ni nani anayemfuata mwenzake. Sijapata. Tube anaweza kuchelewesha neno, akaliacha lining'inie, na chupa haikimbilii kumwokoa. Inaendelea pale pale, ikimngoja bila kumngoja. Kisha anaposhuka, anashukia kwenye pigo lenyewe. Hilo halifundishwi studioni. Linatokana na matanga mengi ya usiku kucha, harusi nyingi, safari nyingi za miguu kurudi nyumbani alfajiri, mpaka mmoja anajua mwenzake atapumua wapi.

Wapenzi wa roki wana hadithi zao za aina hii na wanazitunza vizuri. Mpiga ngoma Mitch Mitchell aliingia katika bendi ya Jimi Hendrix mjini London mwaka 1966, kijana aliyependa jazi, na badala ya kumshikilia Hendrix kwa mapigo mazito alimjibu, pigo kwa noti. Hendrix alifariki Septemba 1970. Urafiki ule wa muziki, pamoja na ukubwa wake wote, ulipata miaka minne. Mpiga ngoma Ginger Baker na mpiga gitaa Eric Clapton walianza bendi ya Cream mwaka huo huo wa 1966, na kufikia 1968 bendi ilikuwa imekwisha. Baker baadaye akavuka Sahara kwa gari akaenda Lagos kwa mwanamuziki Fela Kuti, kutafuta mdundo. Vitabu vimeandikwa kuhusu watu hao, na wanastahili. Ila mimi nahesabu miaka. Okola na Tube walikuwa pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1991 walikuwa bado pamoja.

Katikati hapo mambo hayakuwa mepesi. Umeme uliingia. Kufikia miaka ya 1970 gitaa kavu lilianza kuonekana kama baiskeli mbele ya matatu. Benga ya Waluo ilitamba, rumba ya Kikongo ilijaa kwenye baa, na vijana walitaka besi inayotikisa ukuta. Watu wa Nasery hawakukaa kulalamika. Walichomeka magitaa kwenye umeme, wakatoa santuri kwa majina ya Mwilonje Jazz na Super Bunyore Band, na baadhi zilipendwa kweli. Wasikilizaji wengi walicheza nyimbo hizo bila kujua kwamba ni wale wale wa chupa. Mwanamuziki anayeweza kuishi kwa sura mbili, moja ya umeme na moja kavu, bila kuisaliti yoyote kati yake, amenivutia siku zote kuliko yule anayejifungia katika sura moja.

Kisha dunia ikarudi kuwatafuta, na ikaja kutafuta ule muziki wao uliokuwa kavu. Kampuni ya GlobeStyle ya London ilikusanya rekodi zao za zamani ikazitoa upya. Mwaka 1991 wakapanda ndege wakapiga Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, na huko huko wakarekodi albamu iliyotoka mwaka 1992. Wanamuziki wa huko walialikwa kupiga pamoja nao, miongoni mwao Ron Kavana na watu wa Oysterband, mabingwa wa muziki wa kienyeji wa Uingereza na Ireland. Fikiria chumba hicho: wazungu na vinanda vyao, vyombo vya maelfu ya pauni, na katikati Okola, amekaa, chupa ya soda mkononi.

Jina la albamu hiyo liliwataja kwa Kiingereza kuwa wafalme wa gitaa na chupa wa Kenya. Gitaa na chupa, kwa pamoja, kwenye jalada. Kila nikilishika jalada hilo nakumbuka zile santuri za Kisa zenye jina moja katikati, na yule mtu aliyempigia Mukabi chupa mpaka mwisho wa kila wimbo. Miaka thelathini ilihitajika ili mkono ule upewe cheo. Na ulipewa kwa sababu Tube hakuona aibu kuketi sawa na mwenye chupa mbele ya watu wowote.

Khwisero haikumsahau Mukabi. Mwanawe, Johnstone Mukabi, alilishika gitaa la mtindo wa baba yake na kuupiga omutibo miaka mingi baada ya 1963. Mwaka 2017 kampuni ndogo ya Marekani, Olvido, ilitoa santuri ya nyimbo za baba huyo kwa jina "Furaha Wenye Gita", na vijana wa mbali wasiojua neno la Kiluhya wakaanza kuhangaika na gumba na kidole cha shahada. Wanajirekodi, wanaweka mitandaoni. Gumba lao si baya. Kinachokosekana karibu kila mara ni mtu wa pembeni. Wanapiga peke yao chumbani, na omutibo ukipigwa na mtu mmoja unakuwa kama mazungumzo ya simu yanayosikika upande mmoja.

Hata chupa yenyewe inapungua. Madukani sasa chupa nyingi za Fanta ni za plastiki, na plastiki ukiigonga inatoa mlio wa kitu kilichokufa. Za kioo zipo, lakini zile za pete pete za zamani hutazipata kwa kubahatisha. Nilipoitafuta sokoni Khwisero, mwenye duka wa tatu aliingia ndani, akakaa kidogo, akarudi nayo imejaa vumbi, matuta yake yamelika kwa kusuguliwa ndani ya kreti mwaka baada ya mwaka. Nililipa chupa kama desturi ilivyo, pesa ambazo hurudishiwa ukiirudisha.

Nje, barazani, mzee mmoja aliyekuwa akisubiri bodaboda alinyoosha mkono kuiomba. Aliigeuza mara mbili, akatoa ufunguo mfukoni, akakohoa. Alianza polepole, ubavuni, kiganja kimefungwa. Kisha akafungua kiganja. Hakukuwa na gitaa popote pale, lakini kichwa chake kilikuwa kimeinamia upande wa kushoto, kama mtu anayemsikiliza mwenzake aliyeketi karibu naye.