Mzaha wa Njiani: Ucheshi wa Kila Siku na Uchaguzi wa Chombo cha Usafiri kati ya Goma na Vitshumbi

1. Utangulizi

Msafiri wa sehemu zetu hapandi chombo kimyakimya. Kabla hajalipa nauli amekwisha kuulizia bei, kuitilia shaka hali ya magurudumu, na kumchekesha jirani yake kwa neno moja au mawili juu ya gari, dereva au barabara. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya maneno hayo. Dai letu ni kwamba mzaha wa njiani si pambo la safari tu. Ni njia ambayo watu huitumia kupima gharama, kulalamika bila kugombana, na kuikabili hofu. Na zaidi ya hayo, humsaidia mtu kuamua kama atasafiri kwa chombo chake mwenyewe au atapanda pamoja na wenzake.

Mifano iliyotumika humu ilikusanywa na mwandishi katika safari zake kati ya Goma na Vitshumbi kuanzia 2018 hadi 2021. Kinasasauti hakikutumika, maneno yaliandikwa daftarini jioni ya kila safari. Mifano imeachwa katika Kiswahili cha Kivu kama kilivyosemwa. Msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu atakuta ba- mahali pa wa-, mu- mahali pa m-, ku mahali pa kwenye, njo mahali pa ndiyo, na kiambishi -ka mwishoni mwa kitenzi kuonyesha mazoea. Hayo si makosa. Ni lahaja yenye kanuni zake, na mzaha ukihamishiwa katika sanifu hupoteza nusu ya ladha yake.

2. Mahali na njia

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kilichoko pwani ya kusini ya Ziwa Edward, wilayani Rutshuru, katika Kivu ya Kaskazini. (Tahajia ya tsh ni urithi wa maandishi ya Kifaransa, kwa tahajia sanifu tungeandika Vichumbi.) Kijiji kimo ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, ikaitwa Virunga mwaka 1969, na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979. Ziwa lenyewe liliwahi kupewa jina la Idi Amin mwaka 1973, jina ambalo halikudumu hata kidogo baada ya utawala wa mwenyewe kuanguka mwaka 1979.

Kutoka Goma njia hupita Kibumba, Rugari, Rumangabo, Rutshuru, Kiwanja na Mabenga hadi Rwindi. Hapo mtu huiacha barabara kuu na kushuka kwenye uwanda mpaka ziwani. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100, na kwa miaka mingi sehemu zake zilikuwa zikipitwa kwa misafara yenye ulinzi. Vyombo ni vichache: basi dogo mpaka Kiwanja, pikipiki ya kukodi, lori la samaki, na, kwa wachache, gari au pikipiki ya mtu binafsi. Samaki hupanda kwenda mjini. Unga, chumvi, nyavu na walimu hushuka kwenda ziwani.

3. Majina ya vyombo: mzaha uliogandishwa

Ushahidi wa kwanza wa dai letu umo katika msamiati wenyewe. Majina mengi ya vyombo vya umma katika Kiswahili yalianza kama misimu ya watu wa mitaani, mingine ikiwa ya mzaha, kisha yakazoeleka hata yakaingia katika kamusi. Daladala ya Dar es Salaam aghalabu huelezwa kuwa imetokana na dala, jina la mitaani la sarafu ya shilingi tano, ambayo ndiyo iliyokuwa nauli. Matatu ya Nairobi huhusishwa na sarafu tatu za senti kumi. Bodaboda ni neno la mpakani mwa Kenya na Uganda, walikoanzia waendesha baiskeli waliowavusha watu. Dar es Salaam iliwahi pia kuwa na chai maharage, magari ambayo abiria waliketi wakitazamana kama walaji mezani, na baadaye vipanya, mabasi madogo yanayopenya popote.

Goma ina chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa na kubeba magunia ya makaa na viazi. Wengi husema jina hilo ni tanakali ya sauti ya chombo kikipita juu ya mawe ya volkano. Tangu mwaka 2009 mji una sanamu ya mwendesha chukudu, iliyosimamishwa kwenye mzunguko wa barabara. Neno la kuiga kelele limepanda jukwaani.

Mfano mzito zaidi unatoka Kinshasa. Mabasi makuukuu ya aina ya Mercedes 207 yaliitwa na abiria Esprit de mort, yaani roho ya mauti. Katika miaka ya 2010 serikali ilipoleta mabasi mapya madogo, mpango wake uliitwa Esprit de vie, roho ya uhai. Tuutazame mfano huu kwa makini. Abiria hawakuandika malalamiko wala hawakuitisha mkutano. Walilipa gari jina, na jina likasambaa hata wakubwa wakalazimika kulijibu kwa jina lingine. Mzaha ulifanya kazi ya hoja ya umma.

4. Mzaha ndani ya gari

4.1 Kubanana

Kiti cha watu watatu hukaliwa na wanne. Kondakta mmoja katika kituo cha Goma aliwaambia abiria, "Musogee kidogo, mbele iko nafasi." Mama mmoja akamjibu, "Mbele iko ya shofere. Ao unataka tumubebe ku magoti?" Gari zima likacheka, kondakta naye akacheka, na abiria wa tano hakuongezwa.

Grice (1975) anatufundisha kwamba msikilizaji huelewa zaidi ya yaliyosemwa pale msemaji anapoivunja waziwazi kanuni ya mazungumzo. Hakuna aliyedhani kwamba mama anapendekeza kumpakata dereva. Kila mtu alisikia katazo. Lakini katazo lenyewe halikutamkwa, kwa hiyo kondakta hakuaibishwa, naye angeweza kutii bila kushindwa. Kama mama angesema, "Unavunja sheria," ugomvi ungezuka na safari ingechelewa.

4.2 Ubovu wa chombo

Karibu na Rugari gari letu lilizimika, nasi tukashuka kulisukuma. Kijana mmoja alisema huku akihema, "Tulilipa ile gari itubebe, sasa sisi njo tunaibeba. Shofere, rudisha makuta, ao utulipe mushahara." Mzaha huu umejengwa juu ya ugeuzaji: mbebaji akawa mbebwa, mlipaji akawa mdai. Muundo huo huo wa kugeuza mambo ndio unaobeba ucheshi wa hadithi zetu za sungura, ambamo mdogo humpanda mkubwa.

4.3 Hatari

Tukingoja msafara uanze, mzee mmoja alitazama mbele na nyuma, akasema, "Leo tuko kama raisi: baaskari mbele, baaskari nyuma. Tofauti ni moja, raisi halipi tikiti." Kwenye uwanda wa Rwindi tembo alivuka barabara, dereva akazima injini na kusema, "Uyu hana perimi, lakini njia iko yake." Na huko Vitshumbi kwenyewe, ambako marabu hutembea kati ya watu wakingoja matumbo ya samaki, mchuuzi mmoja alinionyesha ndege aliyesimama wima kando ya lori, akasema, "Ule ni mutu wa kodi: havue, habebe, na fungu yake anapata."

Mizaha hii mitatu ina jambo moja la pamoja. Kila mmoja unamtaja mwenye nguvu (askari, tembo, mtoza kodi) na kumshusha hadi mahali ambapo abiria anaweza kumtazama usoni. Hofu haiondoki, hupunguzwa ukubwa, mpaka ikaweza kukaa garini pamoja na watu wengine.

5. Mwenye gari na asiye na gari

Sasa tufikie swali la uchaguzi. Mwaka 2019 mwandishi alinunua gari dogo kuukuu, akidhani ya kuwa safari zake za utafiti zitakuwa nyepesi. Hesabu ya kwanza ilionyesha faida: kuondoka saa anayotaka, kutobanwa, kutosukuma gari la mtu mwingine. Hesabu ya pili ilikuwa ngumu zaidi: mafuta, vyuma, magurudumu yanayoliwa na mawe, na vizuizi ambapo gari la mtu mmoja husimamishwa kwa muda mrefu kuliko gari lenye watu kumi na wanane wanaopiga kelele.

Hata hivyo, hoja iliyomshinda haikutoka kwenye hesabu. Mama mmoja mchuuzi wa samaki, aliyemfahamu tangu safari za lori, alilizunguka gari lile, akaligonga mlango kwa kidole, kisha akasema, "Mwalimu, hii gari inakulaka kushinda batoto, na bado haiendi ku masomo." Kwa sentensi moja alikuwa ameeleza bei ya mafuta, karo ya shule, mshahara wa mwalimu, na upumbavu wa mnunuzi. Mwandishi alicheka, na jioni akapiga hesabu upya.

Kulikuwa na hasara nyingine ambayo mwanaisimu ndiye aliyepaswa kuigundua mapema. Katika safari nne alizoendesha mwenyewe, daftari lilibaki jeupe. Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko (1900), anaeleza kwamba kicheko huhitaji wenzi. Mtu aliyejitenga haonji ucheshi. Ndivyo ilivyokuwa. Gari lilipozimika hakukuwa na wa kudai mshahara. Tembo alipopita, mwandishi aliogopa tu.

Isidhaniwe kwamba tunausifu usafiri wa umma kwa kuwa unachekesha. Kubanana ni kubanana, na gari bovu huua. Mgonjwa wa Vitshumbi anayehitaji kufika hospitali ya Rutshuru usiku hana haja ya mzaha, ana haja ya gari. Tunachosema ni kwamba katika mazingira ambamo hakuna chaguo lililo salama, watu huchagua pia wenzi wa kuogopa pamoja nao. Tarehe 22 Februari 2021, karibu na Kibumba, balozi wa Italia Luca Attanasio alishambuliwa akiwa safarini, akauawa pamoja na mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo. Baada ya siku hiyo mwandishi hakusikia tena ikidaiwa garini kwamba gari la wakubwa ni kinga.

6. Mipaka ya mzaha

Radcliffe-Brown (1940) aliueleza utani kuwa uhusiano ambamo mtu anaruhusiwa kumdhihaki mwenzake, naye mwenzake hana budi kutokasirika. Utani huo una wenyewe: kabila na kabila, babu na mjukuu, shemeji na shemeji. Abiria wa basi dogo hawana uhusiano huo. Wamekutanishwa na nauli. Kwa hiyo mzaha wao huchagua shabaha kwa uangalifu: gari, barabara, bei, serikali, wanyama, msemaji mwenyewe. Katika daftari la mwandishi hakuna hata mfano mmoja wa mzaha uliomlenga abiria kwa kabila lake. Si kwamba mizaha hiyo haiko duniani. Majumbani, kati ya wanaofahamiana, hutolewa. Garini, katika mkoa ambamo swali la "wewe ni wa wapi?" limewahi kuwa hukumu ya mtu, kila mmoja anajua kwamba neno la kuchekesha laweza kugeuka shtaka.

Mara moja tu mwandishi alimsikia kijana akianza, "Ninyi batu ya..." Mzee aliyekaa nyuma alimkata: "Mutoto, sema ya gari." Kijana akasema ya gari. Katika maneno hayo manne ya mzee imo kanuni nzima ya adabu ya njiani, na mwandishi anaamini kuwa imeokoa zaidi ya safari moja.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba mzaha wa njiani huvipa vyombo majina, hulinda haki za abiria bila kuvunja adabu, hupunguza ukubwa wa hofu, na huingia katika hesabu ya mtu anayechagua kati ya gari lake na gari la watu. Tumeona pia kwamba una mipaka, na kwamba mipaka hiyo hulindwa na wasafiri wenyewe. Tungependa wanafunzi wa isimujamii wakusanye mifano ya njia nyingine, kama vile Bukavu–Uvira, Kigoma–Kasulu au Mombasa–Lamu, ili tuweze kulinganisha.

Gari la mwandishi liliuzwa mwaka 2020. Machi 2024 vita vilifika Rwindi na Vitshumbi, na njia tuliyoieleza hapa ikawa jambo lingine. Katika juma hilo mwandishi alimpigia simu yule mama wa samaki kujua kama yu hai. Alijibu yu hai, watoto nao wazima. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza, "Na ile gari yako, ilimaliza masomo?"