Ukoo wa Mwa na Uzito wa Jina la Malafyale

Mwalimu mgeni akifungua daftari la mahudhurio Makwale, wilayani Kyela, hukuta herufi ya M imetawala: Mwaipopo, Mwakyusa, Mwandosya, Mwaikambo, Mwakalinga. Kwa Wanyakyusa, Mwa ni alama ya uzao, huyu ni wa nyumba ya babu fulani. Waingereza nao wana Fitz, waliyoletewa na Wanormani baada ya 1066, iliyozaa akina Fitzgerald na Fitzwilliam.

Kufanana kunaishia hapo. Kwa Waingereza, jina la kikabaila lilikwenda na ardhi na cheo. Ukoo wa Percy ulitwaa jina la kijiji cha Normandy, ukapewa cheo cha Earl wa Northumberland mwaka 1377, na kijana wao Harry, aliyeuawa vitani Shrewsbury mwaka 1403, akaingizwa na Shakespeare katika tamthilia ya Henry IV. Jane Austen, alipohitaji tajiri mwenye maringo katika Pride and Prejudice (1813), alimwita Fitzwilliam Darcy; msomaji wa zama zile akamjua kabla hajafungua mdomo. Thomas Hardy alilidhihaki jambo hilo mwaka 1891: katika Tess of the d'Urbervilles, mchuuzi maskini anaambiwa na kasisi kwamba yeye ni mzao wa makabaila, na habari hiyo inaiponza familia nzima.

Mwaka huohuo wamisionari wa Moravian walifika Rungwe, kwa Wanyakyusa. Waliingia katika nchi ambayo jina peke yake halikumtenga malafyale, yaani chifu, na mkulima wa kawaida. Wote walikuwa Mwa.

Kilichowatenga ni ubusoka. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza kwamba katika sherehe hiyo kila kizazi wana wawili wa malafyale walitolewa hadharani, nchi ikagawanywa, moto wa zamani ukazimwa na mpya ukapekechwa. Baba yao alitarajiwa kufa muda si mrefu baadaye. Hapo ndipo uchifu ulipozaliwa, si katika daftari la ubatizo.

Yapo majina mawili yaliyokuwa mazito kuliko yote, nayo hayana Mwa: chifu Lwembe wa Lubaga na chifu Kyungu wa Ngonde, aliyekaa kilima cha Mbande karibu na Karonga. Kila mrithi alivaa jina lilelile. Mvua na rutuba viliaminiwa kutegemea mwili wake, hivyo Kyungu aliyeugua hakuachwa afe kwa maradhi, aliuawa. Si ajabu kwamba warithi wa Lwembe walilazimika kukamatwa kwa nguvu. Kabaila gani wa Uingereza aliwahi kukimbia cheo chake?

Jina la Mwa lilipata umaarufu kwa njia nyingine. Mwaka 1962 Nelson Mandela, akiwa safarini kwa siri, alifika Mbeya na kukutana na mbunge Mwakangale. Kisa hicho kimo katika tawasifu yake iliyotoka 1994. Leo viwanja vya maonesho ya Nane Nane jijini Mbeya vinaitwa John Mwakangale.

Tanganyika ilifuta uchifu mwaka 1963. Ng'ambo ya mto Songwe, ambao Waingereza na Wajerumani waliufanya mpaka mwaka 1890, Kyungu angali chifu mkuu anayetambuliwa na serikali ya Malawi.