Je, Wajua? Albamu za Nyumbani Zilizoingia Makumbusho

Je, wajua kuwa baadhi ya picha zinazoheshimika sana duniani zilipigwa na mtoto aliyekuwa akicheza tu na ndugu zake? Jacques Henri Lartigue alizaliwa Ufaransa mwaka 1894, akapewa kamera na baba yake angali mdogo. Akapiga kila kilichomfurahisha: kaka yake Zissou akihangaika na ndege za kujiundia, matembezi, likizo za ufukweni. Mwaka 1905 alimnasa binamu yake Bichonnade akiruka ngazi, sketi imetuna, miguu haijagusa chini.

Picha yake ya gari la mashindano ndiyo inayonivutia kuliko zote. Gurudumu limekuwa kama yai lililoinamia mbele, watazamaji wamelalia nyuma. Hapo hakuna hila ya chumba cha giza. Ndani ya kamera ile kulikuwa na pazia lenye mwanya mwembamba, lililopitisha mwanga kwenye bamba la kioo kipande kwa kipande. Kabla halijamaliza safari yake, gari lilikuwa limesogea, na kijana naye alikuwa akiligeuzia kamera.

Lartigue alijihesabu mchoraji. Picha alizibandika kwenye albamu za nyumbani. Mwaka 1963, akiwa na miaka 69, Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yakazionyesha. Mwaka huohuo jarida la Life likazichapisha katika toleo lililobeba habari za kifo cha Rais Kennedy, zikaonwa na umati mkubwa. Mwaka 1974 ndiye aliyepiga picha rasmi ya Rais wa Ufaransa, Valéry Giscard d'Estaing.