Swichi Dhaifu Iliyonyamazisha Mifuko ya Hewa

Baada ya gari dogo aina ya Chevrolet Cobalt kuingia sokoni nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 2004, wamiliki walianza kulalamika kwamba injini ilizimika ghafla gari likiwa mwendoni, hasa goti la dereva lilipogusa funguo au gurudumu lilipopita kwenye shimo. Chanzo kilikuwa swichi ya kuwashia gari, yaani kifaa kinachozungushwa na ufunguo ili kufungua na kufunga njia za umeme, ambacho ndani yake mna pini ndogo inayosukumwa na springi ili ufunguo usitoke katika hatua uliyowekwa. Vipimo vya kampuni ya General Motors vilitaka ufunguo usihame mpaka uzungushwe kwa nguvu ya msokoto isiyopungua Newtoni-sentimita 15, lakini swichi iliyoidhinishwa mwaka 2002 haikufikia kiwango hicho, kwa hiyo uzito wa shada la funguo pamoja na mtikisiko wa barabara viliweza kuurudisha ufunguo kutoka hatua ya kuendeshea hadi hatua ya vifaa vya ziada, ambayo huacha redio ikifanya kazi na kukata umeme wa injini.

Injini inapozimika, usukani unaosaidiwa na mota ya umeme huwa mzito, nazo breki, ambazo hutegemea mvuto wa hewa wa injini ili kupunguza nguvu inayohitajika kwenye pedali, hubaki na akiba ya kukanyagwa mara chache tu. Hata hivyo, hatari kubwa zaidi ilikuwa imejificha katika mifuko ya hewa, ambayo hufumuka mbele ya dereva na abiria wakati wa ajali ili kifua na kichwa visigonge usukani au dashibodi. Uamuzi wa kuifumua hutolewa na kompyuta ndogo inayopima jinsi mwendo unavyopungua kwa ghafla, na kompyuta hiyo huhifadhi umeme wa kuiwezesha kufanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, kwa kuwa akiba hiyo ilikusudiwa kwa ajali inayovunja betri na si kwa gari lililozimika sekunde kadhaa kabla ya kugonga. Hivyo dereva alinyimwa kinga wakati uleule alipokuwa akishindana na usukani mzito.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wahandisi waliliweka tatizo hili katika kundi la usumbufu kwa mteja badala ya usalama, kwa hoja kwamba gari lililozimika bado linaweza kuongozwa hadi pembeni mwa barabara, na mwezi Desemba 2005 mafundi wa wauzaji walielekezwa wawashauri wateja waondoe vitu vizito kwenye shada la funguo. Ushauri huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba kasoro ilijulikana, ila waliohusika hawakuelewa kwamba hatua ya ufunguo ndiyo iliyotawala umeme wa mifuko ya hewa, ingawa mwaka 2007 askari wa barabarani wa jimbo la Wisconsin, akichunguza ajali iliyoua, aliunganisha mambo hayo mawili katika ripoti yake.

Mwaka 2006 swichi iliwekewa pini na springi yenye nguvu zaidi bila kubadilishwa namba ya kipuri, kosa zito katika uhandisi, kwa sababu namba ndiyo humwonyesha mchunguzi kwamba vipuri viwili vinavyofanana kwa nje havifanani kwa ndani. Wachunguzi wa kampuni waliona kwamba magari ya baadaye hayakuwa na ajali za namna ile wasijue sababu, hadi mwaka 2013, mhandisi aliyeajiriwa na wakili wa familia ya dereva aliyefariki katika jimbo la Georgia alipofungua swichi za zamani na mpya akazilinganisha. Wito wa kurudisha magari ulitolewa Februari 2014, ukafikia magari takriban milioni 2.6 ya aina kadhaa, nao mfuko wa fidia ukakubali madai ya vifo 124. Kwa kuwa swichi za zamani na mpya zilibeba namba moja na huenda zilichanganyika kwenye maghala ya vipuri, hata magari yaliyotoka kiwandani na swichi nzuri yalilazimika kuitwa, maana hakuna aliyeweza kuthibitisha ni yapi yaliyofungwa swichi dhaifu wakati wa matengenezo.