Kiberiti Hakijui Shamba

Fundi cherehani mmoja wa Kikatiti, kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, haamini maandishi ya ndani ya nguo. Anaamini kiberiti. Mteja akimletea fulana ya mtumba ipunguzwe mabega, huchomoa nyuzi mbili tatu kwenye pindo, huzisokota kwa vidole, kisha huzisogeza kwenye moto. Pamba hushika mara moja, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu la kijivu linalopeperuka kwa pumzi. Polista hujikunja, huyeyuka, na ikipoa huwa kidonge cheusi kisichopondeka kwa kucha. Iliyochanganywa hufanya yote mawili: jivu, na ndani ya jivu punje ngumu. Kwa ushahidi huo mama huyu huamua joto la pasi na kukadiria kama nguo itasinyaa.

Nilipomkuta, mapajani alikuwa na fulana nyeupe ya mtoto. Ndani ya shingo kulikuwa na lebo yenye duara la kijani na umbo la fulana katikati, chini yake jina la kampuni ya ukaguzi na namba ya leseni. Ni alama ya GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai kilichoanzishwa mwaka 2006. Alichoma uzi wa kitambaa: jivu. Akachoma uzi wa mshono: kidonge cheusi.

"Pamba hai gani hii iliyoshonwa kwa polista?" aliuliza.

Kanuni zinaruhusu. Nguo ikiwa na nyuzi za kilimo hai zisizopungua asilimia 95 huitwa ya kilimo hai. Zikifika 70 huandikwa kuwa imetengenezwa kwa nyuzi hizo. Uzi wa kushonea una ruhusa yake kando. Nilimweleza, akakubali, kisha akaleta swali nililotoka nalo Kikatiti likiwa bado kichwani: "Haya, moto umeniambia ni pamba. Dawa iliyopigwa shambani nitaijuaje?"

Hawezi kuijua, na hata maabara isingemsaidia sana. Kitambaa kimeshapaushwa, kikafuliwa tena na tena. Kipo kipimo cha kutambua pamba iliyobadilishwa vinasaba, lakini Tanzania hatulimi pamba ya namna hiyo kibiashara. Kwa kipimo hicho, pamba yetu iliyopuliziwa sumu msimu mzima ingefaulu sawa na ile isiyoguswa na tone. Kinachobaki ni ushahidi wa watu, ulioandikwa kwenye karatasi.

Karatasi hizo huanzia mbali na Kikatiti. Wilayani Meatu, mkoani Simiyu, mradi wa bioRe ulioanzishwa mwaka 1994 na kampuni ya Remei ya Uswisi huwafundisha wakulima kulima pamba bila mbolea wala dawa za viwandani. Hupanda alizeti katikati ya pamba, ili ziwavute wadudu wanaowala maadui wa pamba na kumpotosha funza wa vitumba. Mkulima hulipwa nyongeza juu ya bei ya soko, lakini shamba haliwi hai kwa kutamka tu: kanuni za Umoja wa Ulaya zinadai angalau miaka miwili ya kulima hivyo kabla ya kupanda zao litakalouzwa kwa jina hilo. Wakaguzi wa ndani hupita shamba kwa shamba, kisha mkaguzi wa nje huchagua baadhi na kuyarudia. Pamba ikitoka kwenye kinu cha kuchambulia, ikiwa uzi, ikiwa kitambaa, ikiwa nguo, kila inapouzwa huandamana na cheti.

Cheti nacho huandikwa na binadamu. Mwaka 2020 GOTS wenyewe walitangaza kwamba tani 20,000 za pamba nchini India, nchi inayoongoza duniani kwa pamba hai, zilikuwa zimepewa uthibitisho kwa udanganyifu.

Fundi hakushtuka. Jambo lililomgusa lilikuwa jingine. Nilipomtajia alama ya Fairtrade, inayomhakikishia mkulima bei ya chini isiyovukwa pamoja na fedha za ziada ambazo wakulima wenyewe huamua kupitia chama chao zitumike vipi, alisimamisha mguu kwenye pedali. "Mkulima ameongezewa, ni vyema. Na aliyekaa kwenye cherehani je?"

Ana haki ya kuuliza. Ahadi ya bei iliyobebwa na alama hiyo kwenye nguo za pamba ilimhusu mkulima. Kiwango cha Fairtrade kilichoandikwa kwa ajili ya viwanda vya nguo, mishahara ikiwemo, kilikuja mwaka 2016. GOTS ina masharti ya kazi kiwandani, ila mvaaji hawezi kuona kwenye shingo ya fulana mshonaji alilipwa kiasi gani.

Wala haoni pamba ilikotoka. Lebo ile ilisema imeshonwa Bangladesh. Sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa ikiwa marobota ghafi, kwa hiyo inawezekana kabisa nguo yenye pamba ya Simiyu ikarudi nchini ndani ya belo la mitumba bila mtu kuitambua. Niliitafuta namba ya leseni kwenye hifadhidata ya GOTS iliyo wazi kwa wote. Likatoka jina la kampuni, nchi yake na aina ya bidhaa zake. Cheti cha shamba kipo, lakini kimebaki kwa wafanyabiashara waliouziana.

Kikatiti lebo haiongezi hata shilingi. Wanunuzi, kwa maelezo ya fundi, huuliza kama nguo itachuja. Afrika Mashariki tuna alama yetu ya kilimo hai, Kilimohai, yenye kiwango cha tangu mwaka 2007. Sijawahi kuiona kwenye khanga wala kitenge. Je, ni kwa sababu hatuulizi, au kwa sababu hakuna aliyedhani sisi nasi ni wanunuzi?

Fundi ana sharti lake. "Waandike jina la kijiji. Kijiji ninaweza kumpigia mtu simu nikauliza. Hiyo namba nimpigie nani?"