Kipupwe: Mkaushe Ndama Kabla ya Kumfunika

Mfugaji, masika yakiisha mwezi Mei, kipupwe huingia na kukaa Juni hadi Agosti. Kwenye miinuko ya Njombe na Mbeya joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na huko Kitulo, wilayani Makete, asubuhi utakuta majani yameshika sakitu, ule umande mweupe ulioganda.

Ng'ombe mkubwa, mkavu na aliyeshiba huvumilia. Anayekufa ni ndama mchanga aliyelala kwenye tope huku upepo ukimpiga, maana manyoya yaliyolowa hayashiki joto. Ziba upande unaotoka upepo, lakini juu acha hewa ipite. Banda lililozibwa kote hujaa harufu ya mkojo, na hapo kichomi hakiko mbali. Tandika majani makavu, uyabadilishe yakilowa.

Akizaliwa usiku, mfute mpaka akauke na umnyonyeshe dang'a usiku huohuo. Usingoje kukuche. Ukimwona anatetemeka, mdomo wa baridi, hataki kunyonya, mpashe joto, kisha mwite afisa mifugo wa kata.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku. Usikilize redioni kabla hamjalala.