Unono wa Nguruwe na Jeraha la Askari

Askari aliyepata kushika zamu mpakani Busia anazijua shughuli za mahali pale. Malori hupanga foleni, baiskeli hupita na mizigo, na akina mama huvuka na vikapu vya dagaa na ndizi. Tangu Februari 2018, Uganda na Kenya zilipofungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande ule anaoingia. Lakini yuko mpitaji asiyepanga foleni wala kuonyesha cheti. Huyo ni bakteria aliyezizoea dawa. Husafiri ndani ya utumbo wa nguruwe, katika nyama mbichi, katika samadi na mikononi mwa mchinjaji. Makala haya yanaeleza jinsi anavyozaliwa, na kwa nini habari zake zinawahusu askari na polisi.

Kutoka Busia hadi Tororo, nguruwe ni akiba ya mtu wa kipato kidogo. Hununuliwa akiwa mdogo, hulishwa majani ya viazi na mabaki ya jikoni, na siku ya ada ya shule huuzwa. Hesabu ya mifugo ya mwaka 2008 nchini Uganda ilikuta nguruwe zaidi ya milioni 3. Hata askari anayekaribia kustaafu huweza kuuona ufugaji huu kuwa mradi mwafaka, kwa kuwa hauhitaji shamba kubwa. Mfugaji mgeni hakosi kulisikia shauri hili: tia viuavijasumu, kama vile tetrasaiklini, katika pumba, na watoto wa nguruwe watanenepa upesi.

Shauri hilo lina asili yake. Mwaka 1950 ilitangazwa nchini Marekani kwamba Thomas Jukes na Robert Stokstad, wa maabara ya Lederle, walikuwa wamegundua jambo la ajabu. Vifaranga waliolishwa mabaki ya utengenezaji wa dawa ya aureomycin walikua upesi kuliko wenzao. Nguruwe nao walipojaribiwa wakaonyesha vivyo hivyo, na desturi ikaenea duniani.

Ili kuupima ukweli wake, hatuna budi kutazama ndani ya utumbo. Utumbo wa mtoto wa nguruwe ni makazi ya bakteria wasiohesabika, na si wote walio maadui. Wako wanaochachusha nyuzinyuzi za majani na pumba, ambazo mnyama mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, wakazigeuza kuwa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kuupa mwili nguvu. Wako pia wanaoshika nafasi, wakawazuia bakteria wa kuharisha wasipate makao. Hatari kubwa huja mtoto anapoachishwa ziwa: maziwa yamekoma, chakula ni kigeni, na bakteria wema bado hawajajipanga.

Kiuavijasumu kikitiwa kidogo kidogo katika chakula, huwapunguza bakteria wabaya na wema pamoja. Wataalamu wengi huueleza unono wake hivi: ukuta wa utumbo huwa mwembamba, mwili hautumii chakula kingi kupigana na vijidudu, na kile kilichookolewa huenda katika ukuaji. Lakini faida hiyo huonekana zaidi penye banda chafu. Penye usafi na lishe njema hupungua sana.

Na misuli je? Idadi ya nyuzi za misuli ya nguruwe hukamilika kabla hajazaliwa. Baada ya hapo nyuzi hunenepa tu, na kinachozinenepesha ni protini. Hakuna dawa iwezayo kuziba pengo la mama aliyekosa lishe akiwa na mimba. Aidha, bakteria wa utumbo wenyewe wana mkono katika ujenzi wa misuli. Mwaka 2016 wanasayansi wa China waliwahamisha bakteria wa nguruwe na kuwatia katika panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja. Misuli ya panya wale ikachukua baadhi ya tabia za misuli ya nguruwe waliotoa bakteria hao. Mwaka 2019 utafiti mwingine ulionyesha kwamba panya waliokulia bila bakteria walikuwa na misuli dhaifu, wakapata nafuu walipopewa. Nguruwe si panya, lakini funzo ni kwamba anayewaua watumishi wa utumbo ovyo huenda akaupunguza mnofu anaoutafuta.

Watafiti waliowapima nguruwe wa wakulima wadogo wa Busia na Kakamega, upande wa Kenya, waliwakuta wakikua polepole mno. Sababu kubwa haikuwa ukosefu wa dawa, bali chakula kisichotosha.

Hasara kubwa zaidi imo katika usugu. Dozi ndogo huwaua bakteria wanyonge na kuwaacha hodari, nao huzaana na kupeana silaha zao. Mwaka 1976 daktari Stuart Levy wa Marekani alieleza jinsi kuku walivyolishwa tetrasaiklini, na baada ya miezi michache bakteria sugu wakaonekana katika matumbo ya watu wa shamba lile lile. Mwaka 2015 wanasayansi nchini China walitangaza kwamba bakteria wa nguruwe na wa wagonjwa walikuwa wamepata kinga dhidi ya colistin, dawa ya akiba ya mwisho. Jumuiya ya Ulaya ilikuwa imekwisha kupiga marufuku viuavijasumu vya kunenepesha tangu tarehe 1 Januari 2006. Denmark ilitangulia, na ijapokuwa kuharisha kwa watoto wa nguruwe kuliongezeka mwanzoni, ufugaji wake haukuanguka.

Hapo ndipo askari anapohusika. Penisilini ilitengenezwa kwa wingi katika Vita Kuu ya Pili ili kuwaokoa majeruhi. Hadi leo, mguu uliopigwa risasi huokolewa na daktari mpasuaji pamoja na kiuavijasumu. Dawa ikishindwa, upasuaji huwa hatarini. Wala asiyekula nguruwe asijione salama, kwani bakteria haulizi dini ya mtu.

Liko pia kosa la pili. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, husababishwa na virusi, na kiuavijasumu hakiigusi. Hata hivyo, hofu huwafanya watu wajaribu kila kitu. Mwaka 2023 Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda iliiambia kamati ya Bunge kwamba wako wafugaji wanaowapa nguruwe na kuku dawa za UKIMWI.

Basi mfugaji afanye nini? Amlishe vizuri jike mwenye mimba. Asiwaachishe watoto ziwa mapema, na awazoeshe chakula kipya kidogo kidogo. Banda liwe kavu, na protini ipatikane kwa dagaa, mashudu au soya. Mnyama akiugua, aitwe daktari wa mifugo, dozi imalizwe, na siku zilizoandikwa katika chupa zipite kabla ya kuchinja. Naye askari aliye zamuni asiidharau katoni ya dawa isiyo na hati. Hakuna askari amalizaye risasi zake kwa kuwinda njiwa, kisha adui akamkuta mikono mitupu.